Robo ya Milimita

Gari langu ni dogo, jeupe, lina turbo, na walilitengeneza kwa ajili ya vijana wanaopenda kwenda kasi. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Rumonge, nina kitambi na watoto wanne. Nililinunua likiwa limechoka, linakula oili na kutoa moshi wa buluu, na kila nilipokwenda Bujumbura, teksi zilizojaa watu na mabidoni ya mafuta ya mawese zilinipita kwenye mlima wa Minago. Jambo hilo liliniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Likizo kubwa ilipofika niliamua kuifungua injini mwenyewe. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni fundi wa injini za maboti kule bandarini. Ufundi aliuanza ukimbizini Tanzania, miaka ile mimi nilipokuwa nikihangaika na vitabu. Alisema atanisaidia. Nilimshukuru, nikamweleza kwa upole kwamba injini ya turbo si kama ile ya boti la kuvulia ndagala. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Silinda zilichongwa Bujumbura, nikarudi na pistoni mpya na ringi zake. Ringi ni pete nyembamba ya chuma inayokaa kwenye mfereji wa pistoni ili moto usipenye chini. Imekatwa mahali pamoja, na pale ilipokatwa huachwa mwanya. Zangu zilikuja na mwanya mdogo kwa makusudi, ili fundi azisugue kwa tupa mpaka zifikie kipimo cha injini yake. Karatasi ndani ya boksi ilisema hivyo kwa lugha tatu, nami niliisoma kwa zote tatu. Nikapima: robo ya milimita. Nikawaza kwamba mwanya ni tundu, tundu linavujisha nguvu, na mwenye akili ataliacha liwe dogo. Walioandika ile karatasi niliwaona waoga. Nikazifunga ringi kama zilivyokuja.

Injini iliwaka vizuri. Siku chache niliendesha polepole, kisha Jumapili moja, baada ya misa, nikamkaribisha mkurugenzi wa shule yetu tutembee hadi Minago. Alikuja na suti yake ya kijivu. Mbele yetu ilikuwepo teksi. Nilikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, tukaipita, na mimi nikawapungia mkono abiria wake. Tulipofika katikati ya mlima nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjika, kisha nguvu zote zikaisha na moshi ukajaa nyuma yetu. Mkurugenzi alishuka, akavua koti, akasaidia kusukuma hadi pembeni. Teksi ilitufikia, dereva akasimama na kumpa mkurugenzi nafasi. Mimi hakuniuliza. Walipoondoka, abiria wote walinipungia mkono.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi bandarini. Shemeji aliifungua injini, akanionyesha ringi ya juu imekatika vipande vitatu, ukingo wa pistoni umemeguka, silinda ina mikwaruzo mirefu. Kisha alichukua ringi nzima, akaiingiza ndani ya silinda nyingine na kuisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akapitisha kipande chembamba cha kupimia kwenye ule mwanya.

"Shemeji," akasema, "wewe unafundishaka nini pale shuleni?"

"Fizikia."

"Na chuma ikipata moto inafanya nini?"

Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na mmoja. Tuna tufe na pete ya kulionyesha, na kuna mwanafunzi niliyempa sifuri kwa kulikosea.

"Inatanuka," nikasema.

"Sasa hii uliiachia nafasi gani ya kutanukia?"

Akaniambia kwamba turbo huongeza joto, kwa hiyo ncha za ringi zilikutana, zikakosa pa kwenda, zikabana mpaka zikavunjika. Injini yangu ilihitaji karibu nusu ya milimita, kama ile karatasi ilivyosema.

Silinda zilichongwa tena, pistoni na ringi nyingine zikaagizwa. Safari hii shemeji alinifundisha: sugua ncha moja tu, tupa iende upande mmoja, kutoka nje kuingia ndani, mara chache, kisha pima. Ringi ya kwanza niliisugua huku nikimweleza nadharia ya mtanuko wa metali. Nilipopima, mwanya ulikuwa umepita kipimo, na chuma kilichosuguliwa hakirudi. Alininyang'anya tupa, akanipa kitambaa na beseni la petroli nioshe bolti. Tulisubiri wiki mbili ringi nyingine ifike. Ilipofika alinirudishia tupa niisugue mwenyewe, nikaifanya alasiri nzima nimefunga mdomo. Alipima mara mbili.

"Iko sawa," akasema.

Cheti changu cha chuo kikuu hakikunifurahisha hivyo.

Gari sasa linatembea vizuri, na Jumamosi huwa naenda bandarini kumsaidia shemeji. Juzi alikuja mvuvi kutoka Kabonga na injini inayozimika, akatusalimia amahoro, na kwa kuwa nilikuwa karibu naye akanieleza mimi shida yake yote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu.

"Uniulize mimi," shemeji akamwambia. "Huyu ni mwalimu tu."

Yule bwana aliniomba radhi kwa kunidhania fundi, nami nikaendelea kuosha bolti.