Impela Niliyoipandisha Cheo

Aibu hii nimewaficha watu wa Jinja tangu miaka ya tisini, lakini kwa kuwa watu wa Mbale wanaisimulia vibaya, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi shule niliiacha mapema (yenyewe ilikuwa imekwisha kuniacha), ila pampu za maji nazijua, na karakana yangu pale Mpumudde niliijenga kwa mikono hii. Basi nikampenda Nambozo, mjane aliyeishi Namakwekwe, kule Mbale, na kaka yake, afande wa magereza, akaniambia siku ya kujitambulisha kwa wazee wao nisije na maneno matupu. Nikaona pampu yao inavuta maji kisimani bondeni, lakini yanafika tangi la juu kwa kudondoka tu. Fundi mwingine angebadilisha impela, ile sahani yenye mapanga inayozunguka ndani ya pampu na kuyasukuma maji, akaweka mpya ya kipimo kile kile. Mimi na kipimo cha mtu mwingine wapi na wapi? Nikasubu yangu ya shaba, pana kuliko ya kiwandani, mpaka nusura iguse ukuta wa pampu, na mapanga nikaongeza.

Afande akaitazama. "Bwana, injini yangu itaiweza hii?"

"Afande, wewe linda wafungwa. Maji niachie mimi."

Kumbe impela ikipanuka kidogo tu inadai nguvu nyingi mno, na ile injini ya dizeli ilikuwa na kikohozi cha uzee. Kuijaribu kwanza? Nilitaka wazee wawe wa kwanza kuona. Siku ikafika, wazee wamevaa kanzu nyeupe, shangazi yao gomesi mpya, nikawateremsha wote kisimani, nikawapanga karibu na injini waone vizuri (yaani mbele kabisa ya bomba la moshi), nikahutubia, nikafungua koki ya maji yote badala ya kuwasha ikiwa imefungwa ili injini isibebe mzigo wote mara moja, kama nifanyavyo siku zisizo na wageni, nikawasha. Maji yakapanda kwa nguvu ambayo naapa Mbale haijaiona, watu wakaanza kupiga makofi, na kabla hawajamaliza injini ikaelemewa, ikatema moshi mzito wa masizi, ikazimika. Kanzu zote zikawa rangi ya kitako cha sufuria.

Huko juu wapishi walikuwa wanangoja maji. Nambozo akanipa madumu. Nikapanda kile kilima na suti yangu, nikashuka, nikapanda, mpaka vyungu vikajaa, kisha nikachota mengine ya kufulia kanzu za wakwe, nikijua kwamba mke nimemkosa.

Jioni shangazi akaniita, masizi bado shingoni.

"Injinia, mume tumempata," akasema. "Hiyo sahani yako ndiyo tumekataa."

Nilirudi nayo karakana, nikaikereza kuipunguza upana kidogo kidogo mpaka injini ikakubali, na tangi linajaa hadi leo (hilo hawalisimulii). Lakini tangu siku ile siwashi pampu mbele ya watu kabla sijaiwasha peke yangu, na wakwe nawasimamisha upande unakotoka upepo.