Sanduku la Dada Barazani

Aibu niliyoipata mjini Morogoro naisimulia mwenyewe, maana nikinyamaza Mloka, mwenzangu wa bao, ataisimulia, na yule akisimulia jambo huliongezea mkia.

Kule chini ya shamba letu majirani wawili walikuwa wanagombana, mmoja analima migomba, mwenzake (mgeni, kaja na gari) anataka kujenga nyumba za wageni, sisi hatumo kabisa, ila wakili wa huyo mgeni akaliomba baraza la ardhi karatasi za ukoo wetu zipelekwe, eti aone mpaka wetu unaishia wapi. Karatasi zikishaingia mle, na chemchemi yetu ya pale mpakani inaingia kwenye kesi, hilo hata mimi niliyeishia darasa la pili nililiona.

Tarishi akapanda mlima na samansi yake, akatukuta tunacheza bao. Akasema shikamooni, akauliza, "Nani anayetunza karatasi za ukoo?" Wote wakanitazama mimi. Sasa ningefanyaje, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemfunga Mloka? Nikasema, "Mimi hapa," nikaweka dole gumba.

Neno lile ndilo lililonichoma. Maana sisi Waluguru ardhi inatoka kwa mama, na sanduku linakaa kwa dada yangu, Mwanahawa, mimi nalima tu (na kahawa nayo nilikuwa nakunywa kwake, lakini hayo tuyaache).

"Kaka, umejiita wewe ndiye mtunzaji?"

"Imenitoka tu, dada."

"Basi kapinge. Sanduku hilo hapo, beba, si lako?"

Nikabeba! Sanduku la bati, kichwani, mlima wote mpaka kwenye bodaboda, na koti langu la harusi, jua kali. Nia yangu niliweke mbele ya baraza, niseme hili hapa na halifunguliwi, wote waniogope. Mloka na wenzake wakanifuata kuja kuangalia, na Mwanahawa naye akaja, akakaa benchi la nyuma.

Mwenyekiti, mama mpole, akaniuliza nina pingamizi gani. Nikasema kwa sauti karatasi ni zangu na kesi si yangu. Wakili akacheka kidogo. "Mheshimiwa, kama ni zake na amezileta, afungue tu."

"Funguo, mzee?" akauliza mwenyekiti.

Nikaingiza mkono mfukoni, ukatoka ugoro. Mfuko wa pili, kipande cha muhogo wa kukaanga. Nikapekua koti lote mpaka bitana ikachanika, watu wanacheka, Mloka anapiga paja, ndipo nikasikia kule nyuma:

"Funguo ninayo mimi, na haitoki."

Mwanahawa kasimama, kashika pindo la kanga lenye fundo.

"Mama, wewe ni nani?" wakili akauliza.

"Mwenye ardhi. Huyu kaka yangu analima kwangu, hata migomba yake anayoringia kijijini nimemgawia mimi."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akanigeukia, "Ni kweli, mzee?"

Jamani. Nikikataa, nabaki dume mbele ya Mloka, na sanduku linafunguliwa. Nikavua kofia. "Kweli tupu, mheshimiwa. Mimi mlimaji tu. Hata chumvi naomba kwake."

Mwenyekiti akaandika, kisha akasema samansi imepewa mtu asiyetunza karatasi, tena ugomvi wenyewe ni wa matumizi ya shamba la chini, mpaka wetu haumo. Pingamizi limekubaliwa, amri imeondolewa, sanduku lirudi nyumbani. Mwanahawa akapiga kigelegele humohumo ndani, akanyamazishwa, akapiga kingine mlangoni! Na mimi nikatoka kifua mbele, bitana inaning'inia, utadhani nimeshinda kwa hoja.

Kijijini sasa naitwa Mlimaji, na naitika. Ila akija tena mtu na bahasha kuuliza mkubwa ni nani, namwonyesha njia ya kwa dada hata kabla hajamaliza salamu. Chemchemi ni yetu bado, na sanduku nililirudisha mimi mwenyewe, kichwani, mlima wote, Mwanahawa nyuma yangu anachezesha funguo.