Vitu Saba Visivyoonekana

Ramani ilinigharimu shilingi elfu sabini na mbili, na kaburi la bibi yangu. Hizo fedha nilizilipa taslimu, nikamhesabia fundi mara mbili. Hilo la pili bado nalilipa.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowageuza watu wa Tarime wote kuwa wataalamu. Mtu aliyeshindwa kupima kilo ya sukari dukani kwake alikuambia mwamba unaelekea wapi chini ya kitanda chako. Kikundi cha wachimbaji wadogo kikataka kukodi kipande cha shamba la familia yetu, nami nikadai ramani kwanza, ili ijulikane wapi wachimbe na wapi waache. Mpaka hapo nilikuwa na akili timamu.

Fundi wa ramani alikuwa na kompyuta yake mjini, mlango wa pili kutoka kwa fundi cherehani. Alitaka laki na nusu. Nikamwambia kwa laki na nusu anichoree wilaya nzima ya Serengeti pamoja na twiga. Tulivutana mpaka chai ikapoa, ndipo nikapata njia: nitalipa kwa hesabu ya vitu atakavyochora. Nyumba ni kitu, mti ni kitu, kisima ni kitu. Elfu mbili kila kimoja.

Siku aliyokwenda kupima nilikuwa Sirari, nimefuata mzigo wa sabuni. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyemtembeza shambani.

"Vitu arobaini na vitatu, mzee wangu," fundi aliniambia niliporudi. "Elfu themanini na sita."

Nikapitisha kidole kwenye karatasi. Thelathini na sita. Nikarudia kutoka chini kwenda juu. Thelathini na sita.

"Saba viko wapi?"

"Mashine inasema vipo." Akanionyesha namba pembeni ya skrini.

"Basi mashine ivilipie."

Akasogeza picha huku na huku, havikuonekana. "Vitakuwa vimejificha ndani ya faili," akasema, kama anayezungumzia mbuzi.

"Mimi nina duka. Sijawahi kumuuzia mtu sabuni iliyojificha. Futa."

"Nifute bila kujua ni nini?"

"Ungejua ungenionyesha. Futa!"

Akafuta. Namba ikashuka. Nikatoka nimeokoa elfu kumi na nne, nikapitia kwa muuza nyama.

Mkataba ukasainiwa, ramani ikabandikwa nyuma yake. Wiki ya tatu shangazi akanipigia simu. Hakunisalimu. "Njoo uwaondoe watu wako juu ya mama yangu."

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa duara, yaani shimo lao, miguu ameining'iniza ndani. Nikamwamkia shikamoo, akanionyesha shimo kwa kidevu. Mkuu wa kikundi alisimama pembeni na ramani mkononi.

"Mzee, sisi siyo wezi," alisema. "Karatasi hii hapa, sahihi yako hii hapa. Kaburi lionyeshe."

Sikuwa na la kuonyesha. Kwetu makaburi ya zamani ni mawe yaliyopangwa kwenye nyasi. Mgeni huona mawe tu. Mawe ya bibi walikuwa wameshayang'oa, wakayapanga mdomoni mwa shimo ili udongo usiporomoke. Kazi safi kabisa.

"Yule fundi nilimwonyesha yote saba," shangazi alisema. "Nikamtajia na majina. Akaandika."

Nikaenda mjini moja kwa moja. Fundi akafungua faili la zamani, la kabla ya kufuta. Akanieleza kwamba programu huchora kwenye karatasi angavu zilizolaliana, na makaburi yana karatasi yake. Mteja mmoja wa Mugumu, aliyekuwa anauza kiwanja, alimwomba aizime ili mnunuzi asione. Faili hilohilo ndilo alilotumia kuanzisha la kwangu, na karatasi ile hakuiwasha.

"Unazima wafu kama taa?" nilipiga kelele. Cherehani ya jirani ikanyamaza.

"Mimi nilizima, mzee. Nani alisema nifute?"

Swali hilo silikubali mpaka leo. Mtu anayechukua pesa za watu kwa kuchora lazima ajue amechora nini! Ila usiku huwa linarudi. Karatasi niliihesabu mara mbili. Shamba sikulihesabu hata mara moja.

Kuvirudisha vitu saba, alisema, ni elfu mbili kila kimoja. Nililipa bila kuomba apunguze. Wachimbaji walihama, wakafukia shimo. Makaburi sita yapo salama. La saba mashine inaonyesha lilipokuwa, lakini inaweza kukosea mita tatu, na mita tatu pale zote ni udongo uliovurugwa. Anayejua kichwa cha bibi kilielekea wapi ni shangazi peke yake.

Nilimpelekea kitenge na sukari. Sukari aliipokea. "Nilishasema mara moja," aliniambia. "Ukafuta."

Mawe ya bibi yapo shambani chini ya turubai, yanasubiri kupangwa upya. Ni thelathini na moja, nimeyahesabu mara mbili. Wewe unayesoma, kama uliwahi kumkosea shangazi yako kiasi hiki, niambie: ninaanzia wapi?