Neno la Wadachi na Meza Yetu ya Chakula

Harufu ya soseji za kuchoma na kabichi chachu hunipandisha hasira mpaka leo, ingawa soseji zenyewe hazina kosa.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunaishi Fort Worth, Marekani. Mwalimu wetu wa historia, ambaye ukoo wake ulitoka Ujerumani, alitupikia chakula cha kwao. Tukiwa tunatafuna akatueleza jina ambalo Wajerumani hujiita wenyewe, Deutsch, lile ambalo wazee wetu waliligeuza wakasema Wadachi. Zamani, alisema, lilimaanisha "ya watu": lugha ya watu wa kawaida, iliyodharauliwa na wasomi waliokuwa wakiandika Kilatini. Machozi yakamlengalenga.

Jamani! Ni yeye huyo huyo aliyetukataza kusema Kiswahili kwenye meza ya chakula shuleni wiki moja kabla, eti tunajitenga. Mezani petu alikuwepo Furaha, msichana wa Kongo aliyefika majuzi tu, asiyejua Kiingereza hata cha kuomba maji. Tangu katazo lile alikuwa akikaa kimya, chakula anakisukumasukuma tu. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu kama lugha yetu nayo si ya watu. Mwalimu akacheka, akasema hiyo ni mada nyingine.

Nilimsimulia mama. Kesho yake akaja shuleni moja kwa moja kutoka kazini ghalani, kizibao cha njano bado mwilini, akaanza kumpasha mwalimu kwa Kiswahili. Nikafungua mdomo nitafsiri.

"Acha, mwanangu. Usimsaidie."

"Lakini mama, he doesn't understand!"

"Ndiyo. Na Furaha je?"

Akaendelea taratibu, bila kupaza sauti. Mwalimu alitabasamu, akanitazama mimi, akautazama mlango, masikio yamemwiva. Mwishowe mwalimu akaaga, akatuacha tumesimama.

Katazo halikuondolewa, nami nilimkasirikia mama miaka mingi. Kiingereza alikijua, kule ghalani alikuwa msimamizi, akiwaamrisha Wamarekani kutwa nzima. Kwa nini hakumweleza yule bwana akaelewa?

Siku hizi najua. Maelezo mwalimu alikuwa nayo tayari, tena alituhubiria mwenyewe huku machozi yakimlengalenga. Mama alimweka mahali pa Furaha kwa dakika chache tu, na hata hizo hakuzivumilia.