Mto wa Enoch Beddoes

Umbea sina, lakini macho ninayo. Nilipomwona jirani yangu Thirza Beddoes anavuka uwanja wa shamba na gunia mkononi, anaingia kwenye mnara wa njiwa, nilimwacha ng'ombe kabla sijamaliza kumkamua, nikamfuata.

Thirza huyo huyo aliyewachukia njiwa tangu aolewe hapa! Kila mwaka walimmalizia njegere zake, naye kila mwaka aliwalaani watawa wa kale waliojenga mnara ule, eti wamekwenda zao wakamwachia walafi. Kanisani mwao siku hizi tunaweka nyasi kavu.

Nikamkuta juu ya ngazi, ile inayozunguka kwenye nguzo ya katikati, anajisukuma kutoka kitundu cha kiota hadi kingine akichokoa manyoya. Bibi mzima wa miaka sabini!

"Shoga, umerukwa na akili? Ukianguka nitakuzoa kwa koleo!"

"Acha domo, shika gunia."

"Manyoya ya nini?"

"Ya mto. Wa Enoch."

Nikaelewa mara moja. Huku kwetu Herefordshire nani asiyejua? Mgonjwa akilalia manyoya ya njiwa, roho haitoki. Mama zetu waliyatupa wasije wakayachanganya kwenye godoro. Sasa Enoch, mumewe, alikuwa mahututi, na mtoto wao Gilbert, aliyeondoka kwa ugomvi akaenda Kanada, bado alikuwa melini akirudi.

"Hafi mtu hapa akiwa amenuniana na mwanawe," Thirza akasema. "Sikubali!"

Nikashika gunia, na jioni ile mto ukawa chini ya kichwa cha Enoch.

Daktari alisema mgonjwa hafiki Jumapili. Jumapili ikapita. Jumatano Gilbert akaingia, koti limelowa, akapiga magoti kitandani. Enoch akafumbua jicho moja.

"Umechelewa, we mtoto. Kondoo wameshazaa."

Gilbert akacheka huku analia, akamshika baba yake mkono. Mimi pale mlangoni nililia pia, wala sikujificha. Ni manyoya, au ni moyo wa mzazi tu? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Tukadhani sasa atapumzika. Wapi! Siku zikaenda, hali wala hanywi, anaguna kwa maumivu, macho kwa mkewe tu. Gilbert yeye alikuwa na furaha.

"Mama, mto unafanya kazi! Tuuache, huenda akapona."

Thirza akaendelea kumfuta Enoch jasho. Asubuhi moja alipanda kitandani na viatu vyake vya zizini, akakiinua kichwa cha mumewe.

"Mama, usiutoe! Nimempata juzi tu!"

"Umempata, mwanangu. Sasa mwache na yeye apate chake."

Akauvuta ule mto, akaweka mkono wake mahali pake. Chai niliyomtengenezea haikuwahi kupoa, Enoch akawa ameshakwenda.

Nikasogea nimsaidie kushuka.

"Mkono umekufa ganzi," akaniambia. "Lakini msinitoe kwanza."