Sahihi Nilizozikusanya kwa Ajili ya Uwanja

Mwalimu aliyenifundisha kukimbia alikuja nyumbani kwetu, Mji wa Kale, mara tatu kumwomba mamangu ruhusa. Mara ya tatu mamangu akamuuliza, "Atavaa nini?"

"Suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio," Mwalimu akajibu. "Na uwanja una ukuta, mama. Hapana mtu wa kumtazama ila mimi na wenzake."

Huo ukuta ndio uliomlainisha.

Watu wengi wa mji wanaukumbuka uwanja ule kwa kandanda. Babangu alikwenda kila Jumamosi kuzishangilia timu za watu wa bandarini, akarudi hana sauti. Siku za sikukuu ya taifa palikuwa na gwaride, na shule zote zilishindana pale. Lakini alasiri za katikati ya wiki uwanja ulikuwa wetu, wasichana tisa na Mwalimu. Kando ya majani palikuwa na njia ya mbio ya udongo, nasi tuliichora mistari kwa chokaa kila mvua ilipoifuta. Mimi nilikimbia mita mia nane. Pale ndipo mahali pekee katika kisiwa hiki ambapo niliweza kwenda mbio bila mtu kuniuliza nakimbilia wapi.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu wakati Mwalimu aliponiita pembeni akanipa karatasi za kutiwa sahihi, na ukurasa wa maelezo mbele yake.

"Uwanja utafungwa ujengwe upya," alisema. "Wakubwa wanataka kuona kwamba sisi tunaoutumia tumekubali. Mimi si mwenyeji, watu watasitasita. Wewe ni mtoto wa mji, wajulikana."

"Na njia ya mbio?"

"Itakuwa ya mpira mwekundu, kama zile za kwenye televisheni. Nimeiona kwenye michoro kwa macho yangu."

Nilizunguka nyumba hadi nyumba. Mama za wasichana walinisikiliza, wakauliza itachukua muda gani, nikawaambia kama nilivyoambiwa, miaka miwili. Wakatia sahihi. Jirani yetu, muuguzi mstaafu aliyepatwa na kiharusi, alikuwa akienda uwanjani kila asubuhi kutembea taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Miaka miwili nitatembea wapi, mwanangu?" aliniuliza. "Humu vichochoroni pikipiki zitanigonga."

"Ni miwili tu, bibi. Baadaye utatembea juu ya mpira. Mwalimu ameiona michoro."

Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haushiki kalamu. Karatasi tatu zikajaa. Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia sijui wema niliowafanyia wenzangu.

Mabati yakazungushwa. Miaka miwili ikapita, na mingine ikafuata. Wasichana watatu walijaribu kukimbia barabarani kuelekea Mbaraki, wakarushiwa maneno na madereva wa tuk-tuk, na mama zao wakawazuia. Mwisho wakaacha wote. Mimi nikaajiriwa kufundisha michezo katika shule moja ya Ganjoni.

Siku moja walimu wa michezo tuliitwa kwenye ofisi ya ujenzi, ndani ya yale mabati. Ramani ya uwanja ilikuwa imebandikwa ukutani. Niliitazama muda mrefu. Majukwaa yalikuwa yamesogea mpaka karibu na mistari ya kandanda, pande zote nne.

"Njia ya mbio iko wapi?" nilimuuliza mhandisi.

"Haimo. Haikuwamo tangu mwanzo," alisema, wala hakuwa na ubaya. "Wanariadha wenyewe walikubali."

Akafungua jalada. Zile karatasi zangu tatu zilikuwamo, na mwandiko wa jirani yetu uliopinda. Lakini ukurasa wa mbele haukuwa ule niliowasomea watu. Huu ulisema kwamba watumiaji wa uwanja wameridhia ujengwe kwa ajili ya kandanda peke yake. Chini yake palikuwa na sahihi ya Mwalimu, aliyejiandika mwakilishi wetu; sasa, mhandisi akaongeza, ni mjumbe wa kamati ya uwanja.

Nilikwenda kwake siku ileile, na vumbi la ujenzi bado viatuni. Hakukana.

"Wangeujenga hivyo, tukitaka tusitake," alisema. "Nikaona afadhali mtu wetu mmoja awe ndani ya kamati."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa upole uleule aliokuwa akinitazama nao nikimaliza mzunguko. "Ungekataa kuzunguka."

Alikuwa akinijua vizuri, na ujuzi huo ndio alioutumia. Niliondoka bila kumuaga. Tangu hapo tukikutana njiani humwitikia salamu, basi.

Juma lile nilibisha tena milango yote. Jirani yetu, ambaye sasa hatoki nje, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kalamu nilishika mwenyewe," akanitaka nimsogezee mto. Mama wa msichana aliyekuwa na mbio kutushinda sote alisimama mlangoni.

"Na wewe ulikuwa hujui?" aliuliza.

"Nilikuwa sijui."

Akanikaribisha ndani, akaniwekea kiti, akaniuliza hali ya mamangu. Kwamba ameniamini, hakusema, na mimi sikumuuliza.