Kipande cha Pili cha Doti

Zulfa binti Abdulwahabu hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru kwa kukupunguzia bei alikukata jicho. Ukimshukuru kwa lile lingine, ambalo Karatu nzima ilimjua kwalo, alikufukuza dukani kama mbuzi aliyeingia jikoni.

Duka lake la nguo liko kando ya lami, ile inayotoka Arusha kupandisha Ngorongoro, mkabala na njia ya mnadani. Anauza kanga, vitenge na mashuka mekundu ya Kimasai. Alilirithi kwa baba yake, Mzee Abdulwahabu, aliyefika kutoka Kondoa na robota moja la nguo wakati barabara yenyewe ni vumbi tupu. Siku moja lori la mahindi likamgonga mtu mbele ya duka. Mzee akatoka na doti mpya ya kanga, akaichana katikati, akamfunika marehemu kwa kipande kimoja.

"Maiti ana haki yake," alimwambia binti yake. "Asilale wazi, tena asifunikwe na kuukuu."

Kipande cha pili hakukiuza. Doti ni vipande viwili, na nani atanunua kimoja ambacho mwenzake amekwenda kaburini? Akakiweka kwenye rafu ya juu, karibu na mlango. Enzi zake rafu ile ilikuwa na vipande vichache tu, na kila kimoja familia nzima ilikijua ni cha nani. Mzee alipofariki, duka likawa la Zulfa, na desturi ikawa ya Zulfa.

Kisha ikaja lami. Watu walishangilia, na Zulfa alishangilia pia, maana alichoka kukung'uta vumbi kwenye vitenge. Lakini lami ilileta magari ya watalii yanayokimbizana na saa za kufungwa geti la hifadhi, yakipita mjini kana kwamba mji ni uchochoro. Ikaleta pikipiki zinazobeba watu watatu na gunia. Ikaleta malori yanayoteremka na breki za kuombea dua. Rafu ikajaa. Akamwita fundi akamwongezea nyingine chini yake, na siku fundi alipomaliza kupiga msumari wa mwisho Zulfa aliondoka dukani, akaenda nyumbani kulala na viatu vyake miguuni kwa hasira.

Maana tuta la kupunguza mwendo lilikuwapo! Hilo ndilo lililomkereketa roho. Watu waliliomba, wakaliomba tena, mwisho likajengwa pale pale wanapovukia watu wa mnadani. Kwa muda ule wote rafu haikuongezeka kitu. Ndipo mkubwa mmoja akapanga ziara. Kabla hajafika likaja greda likalikwangua tuta, ili msafara wake usirukeruke. Mkubwa alipita upesi, vioo vimefungwa, na tuta halikurudi. Ofisi ya kwanza ikasema barabara ni ya ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikasema inasubiri mchoro.

"Kulibomoa mlisubiri mchoro?" Zulfa aliuliza.

Wakamwambia mama apunguze jazba. Badala ya tuta wakapaka mistari myeupe ya pundamilia, na madereva wakaikanyaga bila kupunguza mwendo. Dereva yule yule akifika kreta na kuona pundamilia wa kweli anavuka, anazima injini na kusubiri kwa adabu.

Na kila mtu akigongwa, hakosekani mwenye kusema ajali haina kinga. Msemo huo Zulfa aliuchukia kuliko deni. Wanausema kwa upole, mikono nyuma, wakimtazama marehemu, kisha wanaondoka kwenda kunywa chai.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mnada. Nanyokie, mama wa Kimasai wa makamo kutoka Nainokanoka, alikuwa dukani tangu mchana. Alikuwa mteja wa Zulfa wa miaka mingi, na miaka yote hiyo hawakuwahi kukubaliana bei bila kugombana kwanza. Ameuza mbuzi, anamnunulia mashuka mwanawe Sankale, ambaye alikuwa anakaribia kutahiriwa.

"Yeyo, unanichosha," Zulfa alimwambia, akimwita mama kwa Kimasai. "Shuka hili jekundu, lile jekundu, yote mekundu. Unatafuta nini?"

"Macho yako ni ya mjini, Mama Talha. Hili wekundu wake unakwisha kwa kufua mara moja. Mimi nataka la mtu atakayekuwa morani."

"Basi mwambie morani wako asifue."

"Hata wewe ungekuwa unavaa hili, mume wako angekukimbia."

Wakacheka. Nanyokie akachagua mawili, akayakunja kwapani, akatoka huku bado analalamika bei.

Kishindo kilipotokea, Zulfa hakushtuka. Jambo hilo alikuja kujichukia kwalo baadaye, kwamba hakushtuka. Mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kwenye doti kabla Simon, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, hajafika mlangoni.

"Mama Talha! Kanga!"

Akaanza kuichana kwa meno, akaimalizia kwa mikono huku anatoka. Nje alimwona mtu amelala kwenye mistari ya pundamilia, na mashuka mawili mekundu yametupwa huku na huku. Alipiga magoti, akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akamfunika Nanyokie kuanzia miguuni mpaka juu ya uso, kama alivyofundishwa na baba yake.

Gari lililomgonga, la watalii, lilikuwa limesimama mbele kidogo, na vijana wamelizunguka wanampigia dereva kelele. Wengine wameinua simu wanapiga picha. Zulfa alikuwa bado amepiga magoti askari wa barabarani alipofika, akaanza kuvuta futi kamba yake, anapima alama za matairi. Wazee wawili walibishana kama gari lilikuwa na haki au halikuwa na haki. Na hapo mwanamume mmoja aliyeshika mfuko wa nyanya akavuta pumzi, akasema:

"Ndiyo hivyo. Ajali haina kinga."

Zulfa alimgeukia amtukane. Tusi lilikuwa limefika mdomoni. Lakini alipoinama ajishike ainuke, aliona kanga imezama kidogo pale penye mdomo wa marehemu. Akadhani upepo. Upepo haukuwapo. Kanga ikainuka, ikazama tena, na pale ilipogusa mdomo palikuwa na unyevu.

Akaivuta kwa nguvu.

"Anapumua! Nyie wajinga, anapumua!"

Umati ukarudi nyuma, kana kwamba aliyekosea ni mama yule kwa kupumua. Hakuna aliyesogea. Walikuja kuangalia maiti, hawakujua la kufanya na mtu aliye hai.

"Gari! Leteni gari!"

"Mama, subiri kidogo," askari alisema, "vipimo bado."

"Pima baadaye! Lami haikimbii!"

Palikuwa na pikapu ya vitunguu kutoka Mang'ola, mwenyewe anaitwa Yohani. Akaanza kusema mzigo si wake, ni wa watu. Zulfa alipanda juu ya pikapu na gauni lake, akaanza kuangusha magunia barabarani, la kwanza, la pili, vitunguu vikabiringika mpaka chini ya lile gari la watalii. Yohani mwenyewe akaona haya, akapanda kumsaidia. Wakambeba Nanyokie kwa mashuka ya Sankale, vijana wa bodaboda wameshika ncha, na Zulfa akamfunga paja kwa ile kanga ili damu isimame.

Hospitali wakampokea upesi. Muuguzi akauliza alilala muda gani pale chini.

"Na uso wake nani aliufunika?" muuguzi aliuliza. "Mtu anatafuta hewa, nyie mnamziba pua?"

"Mimi," alisema Zulfa.

Muuguzi akaingia ndani akafunga mlango. Zulfa alisema baadaye kwamba angemzaba kofi ingekuwa nafuu.

Nanyokie alipona, ila mguu mmoja uliungwa kwa vyuma. Hamidi, mume wa Zulfa, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku, alijaribu kumtuliza mkewe kwa maneno mazuri: hukukusudia, Mama Talha, nia yako ilikuwa njema.

"Nia!" Zulfa alisema. "Simon hakuja kuniambia mtu kaumia. Alikuja kuomba kanga. Unajua kwa nini, Baba Talha? Kwa sababu kanga iko karibu na gari la hospitali liko mbali. Nimewazoesha. Mimi na rafu yangu. Mji huu umezoea maiti mpaka hauhakikishi tena kama ni maiti!"

Alilia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira. Alimkasirikia dereva, na aliyeleta greda, na wenye mchoro wao. Hata baba yake marehemu alimkasirikia kidogo, kisha akaomba toba.

Ikafika wiki ya usalama barabarani. Wakaitwa ukumbini, wakapewa soda, na bwana mmoja aliyevaa koti la kung'aa akasimama kusoma takwimu. Akasema anayo furaha kutangaza kwamba vifo katika eneo lile vimepungua ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Vimepungua kwa kimoja. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha akamwita Mama Zulfa apokee hati ya shukrani kwa moyo wake wa kusitiri marehemu.

Zulfa alisimama, lakini hakwenda mbele.

"Huyo mmoja aliyepungua namjua," alisema. "Tulishamfunika. Ningekuwa na haraka kidogo ya kurudi dukani, leo takwimu yako isingepigiwa makofi. Kwa hiyo mnachosherehekea hapa ni mimi kuinama. Tuta liko wapi?"

Bwana yule akasema tuta limo kwenye mipango ya bajeti ijayo. Zulfa akaondoka. Hati ilibaki juu ya kiti, na sijui nani aliichukua.

Haukupita muda, Simon akaja tena anakimbia. "Mama Talha, kanga!"

"Amekufa?"

"Sijui, yuko chini, damu—"

"Rudi ukamwangalie! Mguse shingo! Ukija huku kabla hujamgusa shingo nitakufunika wewe!"

Simon akarudi mbio. Aliyelala chini alikuwa kijana wa pikipiki, amevunjika mkono, na walimwahisha hospitali akiwa anapiga kelele vizuri kabisa. Tangu siku hiyo pale kijiweni wanajua kwamba dukani kwa Zulfa halitamkwi neno kanga mpaka shingo imeguswa.

Nanyokie alirudi siku ya mnada, mvua za masika zimekwisha. Alishukia upande wa pili wa barabara, akabaki amesimama muda mrefu na magongo yake mawili, magari yanapita, mpaka vijana wa bodaboda walipomvusha. Akaingia dukani, akakaa kwenye kigoda, hakusema habari ya bei.

"Nilikusikia," alisema.

Zulfa akaacha alichokuwa anakunja.

"Ulisema maneno yenu ya Mungu. Mimi nilikuwa nakuita, Mama Talha, Mama Talha, lakini sauti haikutoka. Nikasema huyu ananijua, ataniona. Halafu ukanifunika, nikaona maua ya kanga tu."

Zulfa akasema, "Nisamehe, yeyo," kwa sauti ambayo Hamidi, aliyekuwa nyuma ya pazia, hakuitambua kuwa ni ya mkewe.

Nanyokie alifungua kifurushi, akatandika kanga juu ya meza. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi, doa limebaki kahawia pembeni.

"Mwenzake yuko wapi?"

Zulfa akapanda ngazi mpaka rafu ya juu. Alikijua bila kutafuta. Akakishusha, akakilaza kando ya kile kingine, maua yakakutana na maua. Katika vipande vyote vilivyowahi kupanda rafu ile, hicho ndicho pekee kilichofuatwa na mwenzake.

"Chukua, yeyo. Ni zawadi yako."

"Sitaki zawadi." Nanyokie alikisukuma kipande kikarudi. "Bure unawapa wafu. Mimi niuzie."

Zulfa akafuta macho kwa kiganja, akataja bei. Ilikuwa bei ya kukufuru. Nanyokie akaguna, akasema hiyo ni bei ya ng'ombe, akataja yake. Wakavutana mpaka sauti zikasikika kijiweni, na hakuna aliyemwonea mwenziwe huruma hata kidogo. Mwisho Nanyokie akalipa, akajifunga doti yake nzima, moja kiunoni, yenye doa begani.

Kisha ikabidi avuke kurudi. Tuta halikuwapo, na mpaka leo halipo. Zulfa alitoka mbele yake akasimama katikati ya lami, mkono juu. Gari la watalii lililokuwa likipandisha lilifunga breki mpaka likanuka mpira, likapiga honi, likapiga tena. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, toka bwana! Wageni wanawahi geti!"

"Na huyu anawahi nyumbani," alisema Zulfa.

Nyuma yake Nanyokie alikuwa anavuka taratibu, gongo moja, kisha la pili. Zulfa hakushusha mkono mpaka magongo yaliponyamaza upande wa pili.